Kinu Kilichokuwa Kwenye Ramani

Ramani zile niliziokoa kwenye moto. Mkuu wa shule yetu alikuwa ameamua kukodisha stoo ya zamani kwa sababu ilitazama barabara, na siku hizo za soko huria kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa anakigeuza duka. Walimu tukaambiwa tutoe vilivyomo. Mlikuwa na viti visivyo na miguu, globu iliyobonyea, na mabomba ya bati yenye vifuniko ambayo sikuwahi kumwona mtu akiyafungua tangu nianze kazi pale. Mlinzi alikuwa ameshawasha moto nyuma ya jiko, anatupia kimoja kimoja. Nilipofungua bomba moja nikaona pembe ya ramani, nikamwomba aniachie yaliyobaki. Nilifundisha Jiografia, na ramani pekee niliyokuwa nayo darasani ilikuwa imechanika katikati ya Dodoma.

"Yachukue, mwalimu," alisema. "Bati lenyewe haliungui."

Nikayabeba hadi nyumbani Sombetini, yakigongana begani kwangu njia nzima, na watu wakidhani nimenunua mabomba ya maji.

Ramani zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Mjerumani, karatasi iliyobandikwa juu ya kitambaa, nzito kama shuka. Mlima Meru ulichorwa kwa vistari vya kahawia vyembamba kama nywele. Arusha yenyewe ilikuwa boma, safu moja ya maduka, na njia ya magari ya ng'ombe inayokwenda Moshi. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani, nami sikijui. Baba yangu mzazi, mwinjilisti mstaafu wa Machame ambaye alijifunza Kijerumani kidogo misheni, alipokuja kututembelea aliinamia ile karatasi na miwani yake akanisomea. Hapa msitu. Hapa mashine ya kupasua mbao. Hapa shamba la kahawa la misheni. Kwenye mito inayoshuka kutoka mlimani palikuwa na alama ndogo, gurudumu lenye meno, dogo kuliko punje ya mtama.

"Hiki ni kinu cha maji," baba alisema. "Walikuwa wanasaga kwa nguvu ya mto."

Ya pili ilikuwa ya Mwingereza. Njia ya magari ya ng'ombe ilikuwa imefifia, na mahali pake reli ilikuja kutoka Moshi kama ngazi nyeusi iliyolazwa chini, ikaishia Arusha. Magurudumu yenye meno yalikuwa yamefutika mitoni. Badala yake palikuwa na vijisanduku vyeusi kandokando ya reli: ghala, karakana, mashine ya kukoboa kahawa. Ya tatu ilichapwa na serikali yetu baada ya uhuru, na kusini ya mji palipakwa rangi ya zambarau, maana yake eneo la viwanda. Kijisanduku kimojawapo kwenye hiyo zambarau kilikuwa kiwanda cha mablanketi, alikokuwa anafanya kazi mume wangu.

Nilizitundika darasani kwa mpangilio huo. Niliwaambia wanafunzi watazame jinsi viwanda vilivyoshuka kutoka mlimani: kwanza vilifuata maji, baadaye vikafuata reli, mwisho vikafuata nguzo za umeme. Walipenda somo hilo. Mimi pia nililipenda. Ilikuwa kama kusimama dirishani na kuona nchi inakua mbele ya macho yako, na nilisema hivyo darasani, kwamba ramani ni dirisha.

Mume wangu alikuwa fundi mitambo. Ni Mmeru wa Maji ya Chai, mtu mrefu, mkimya, mwenye meno ya kahawia kama ya kila aliyelelewa na maji ya kule. Aliniita Mwalimu hata tukiwa wawili tu. Kiwandani alianza akiwa kijana, akifagia vumbi la pamba chini ya mashine za kufumia, akapanda hadi kuwa kiongozi wa zamu ya matengenezo. Blanketi letu la kitandani lilitoka kwenye mashine aliyoifunga kwa mikono yake, na alipenda kunionyesha kasoro yake, uzi mmoja mwekundu uliopotea njia.

Kiwanda kilikufa taratibu. Vipuri vilikwisha kwanza, na kwa muda mrefu yeye na wenzake walichonga vingine wenyewe. Halafu nyuzi zikawa haziji. Halafu wakawa wanafanya kazi wiki moja, wanakaa nyumbani mbili. Wakati huohuo marobota ya mitumba yalikuwa yanashushwa kwa malori, na ndani yake mlikuwa na mablanketi ya Ulaya, laini, yenye maua, ya bei ambayo hakuna kiwanda chetu kingeiweza. Tulisikia kwamba mwekezaji anakuja. Alikuja kweli, akazunguka, akapiga picha, akaondoka. Mwisho lango likafungwa kwa mnyororo na wafanyakazi wakapewa mablanketi badala ya mshahara.

Aliyapeleka soko la Kwa Mrombo kuyauza. Siku ya kwanza nilimfuata baada ya vipindi kumletea chakula. Nilimkuta amesimama nyuma ya lundo lake, jirani na mama mmoja aliyekuwa anauza mablanketi ya mitumba. Wateja walikuja, wakapapasa la kwake, wakapapasa la mama yule, wakanunua la mama yule. Mume wangu alikuwa anayakunja upya yale yaliyoguswa, pembe kwa pembe, kama walivyofundishwa kiwandani.

"Baba watoto, kula kwanza," nilimwambia.

"Acha. Nikiinama watapita."

Aliyauza kidogo kidogo kwa hasara mpaka yakaisha. Baada ya hapo akawa anakaa. Anaamka, ananawa, anavaa suruali ya kazi, anakaa kwenye kiti sebuleni anatazama ukuta. Ukimwongelesha anajibu vizuri tu. Watoto wetu wawili walikuwa shule ya msingi na waliacha kucheza ndani akiwepo, bila mtu kuwakataza. Mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki hata katikati ya mwezi. Nikaanza kufundisha masomo ya ziada jioni na kukaanga maandazi alfajiri, na bado kuna siku tulikunywa chai ya rangi tukaiita chakula. Kilichonitisha zaidi ya njaa kilikuwa ukimya wake. Niliogopa kumwacha peke yake, na sikuwa na namna ya kutomwacha.

Wakati wa likizo nilizirudisha ramani nyumbani ili zisiliwe na panya. Nikamkuta siku moja ameitandaza ile ya Mjerumani sakafuni, amepiga magoti, amejipinda juu yake kama mtu anayetafuta sindano.

"Mwalimu, hii alama ni ya nini?"

"Kinu cha maji. Baba alisema walikuwa wanasagia."

"Unajua hapa ni wapi?"

Nikatazama. Mto mdogo ulishuka kutoka mlimani, ukapita chini ya kilima, ukakata njia ya magari ya ng'ombe. Nililinganisha na ramani ya Mwingereza, kisha na yetu. Palikuwa Maji ya Chai, juu kidogo ya shamba la mama yake.

"Mimi nimechunga mbuzi pale," alisema. "Kuna mawe yamepangwa. Tulidhani ni kaburi la Mzungu."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa ananitazama usoni anapoongea.

Tulikwenda kesho yake. Mama mkwe alitupokea uani, tukamwamkia shikamoo, akatuwekea viti. Alikuwa mama mwembamba, mjane wa siku nyingi, anayelima migomba na kahawa peke yake. Mwanawe alipomweleza tulichofuata, alicheka kwa mshangao.

"Nani kakwambia habari za kinu?"

"Karatasi ya mke wangu."

"Mimi nilikikuta kimekufa," alisema. "Lakini mama yangu alisaga pale akiwa msichana. Alikuwa anasema Mjerumani alipeleka mahindi ya wapagazi, na jioni akishamaliza ndipo watu walisaga yao. Unga unatoka wa moto."

Akatupeleka mwenyewe. Chini ya vichaka vya mikindu palikuwa na ukuta wa mawe unaofika kiunoni, na juu yake kulikuwa na alama ya mfereji ulioletwa kwa kuzunguka kilima, umejaa udongo na magugu. Mume wangu aliufuata kwa miguu mpaka mtoni. Aliporudi alikuwa amechanwa mikono na miiba, anahema.

"Kimo kinatosha," alisema. "Maji yanaanguka vizuri hapa. Yule mtu alijua alichokuwa anafanya."

Sasa, wasije watu wakafikiri ilikuwa ndoto ya mwendawazimu. Wanawake wa pale walikuwa wanashusha mahindi kichwani hadi barabarani, kwenye mashine ya dizeli, na dizeli ilikuwa inapanda bei kila mara tangu biashara iachiwe huru. Mara nyingine walifika wakakuta mashine imezimwa kwa kukosa mafuta, wakarudi na mahindi yao juu kilimani. Kinu kinachokwenda kwa mto kingepata wateja siku ya kwanza. Nilipiga hesabu hizo mimi mwenyewe, kwa akili timamu, nikaona zinakubali.

Akaanza. Alihamia kwa mama yake, akawa anakuja Sombetini Jumamosi tu. Aliufukua mfereji kwa jembe, na ndugu zake wakamsaidia siku ambazo hawakuwa na kibarua. Banio la kugeuzia maji mferejini alilitengeneza kwa mawe na magogo. Kiwandani walikuwa wameanza kuuza mitambo kama chuma chakavu, na akaenda kununua shafti na puli za mashine zilezile alizozihudumia. Aliniambia kwamba mlangoni alimkuta mwenzake wa zamu, naye amekuja kununua vyuma atengeneze majiko, wakasalimiana bila kuangaliana. Mabapa ya gurudumu aliyakata kutoka kwenye mapipa. Difu ya lori la zamani, lile bonge la gia la katikati ya magurudumu ya nyuma, ndiyo iliyoongeza mwendo. Kilichobaki kilikuwa kichwa cha mashine ya kusagia, na hicho hakuweza kukichonga.

Niliuza cherehani yangu. Ilikuwa zawadi ya mama yangu nilipoolewa. Sikumwambia mpaka nilipomkabidhi hela, naye alizishika kwa muda bila kuzitia mfukoni.

"Kikianza kusaga nitakununulia nyingine," alisema.

"Kianze kwanza."

Kilianza masika. Nilipata ruhusa shuleni nikaenda na watoto. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai iliyokolea, na mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mume wangu aliinua ubao uliozuia mfereji. Maji yakaja yakisukuma majani makavu mbele yake, yakafika ukingoni, yakaangukia bapa la kwanza. Gurudumu likatikisika, likasita, nikaona anauma mdomo. Halafu likazunguka. Mkanda ukashika, kile kichwa kikaanza kunguruma, na mama mkwe ndiye aliyemimina mahindi ya kwanza. Unga ulipotoka aliuchota kwa kiganja akaupeleka shavuni.

"Ni wa moto kweli," alisema, akaanza kulia.

Wanawake walipanga mstari na vindoo vyao hadi kwenye migomba. Walisaga siku hiyo, wakasaga kesho yake, na msimu wote wa mvua kinu kile hakikulala njaa. Mume wangu alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi nyusi. Alinenepa kidogo. Jumamosi alikuja nyumbani na dona, watoto wakamkimbilia njiani kama zamani. Shuleni niliitundika tena ile ramani ya Mjerumani, na nilipofika kwenye lile gurudumu lenye meno niliwaita wanafunzi wasogee karibu. Niliwaambia kwamba kiwanda kile sasa kinafanya kazi tena. Nilijivuna, ndiyo. Niliona kama tumeingia mlango wa nyuma wa historia na kukuta chakula mezani.

Mvua zilipokwisha maji yakapungua. Hilo alilitarajia, mto wowote hupungua. Alisema atasaga siku chache kwa wiki. Lakini yalipungua kuliko mama mkwe alivyowahi kuona maishani mwake, na asubuhi moja mfereji ukawa tope, na mto wenyewe ukawa mawe yenye vidimbwi katikati.

Alipanda kuufuata mto. Hakuwa na safari ndefu. Shamba moja la zamani la kahawa lililokuwa limetelekezwa lilikuwa limepata mmiliki mpya, na tulijua hivyo, kila mtu alijua kwamba wawekezaji wanakuja kulima maua ya kupeleka Ulaya kwa ndege. Hatukuwa tumefikiria maua yanakunywa nini. Alikuta ukuta wa zege umeukata mto, bwawa nyuma yake, na pampu mbili zinavuta maji kwenda kwenye nyumba za nailoni zilizotanda kilima chote, zinang'aa hadi macho yanauma. Ndani yake waridi.

Tulianza na ofisi ya maji. Kijana wa pale alitusikiliza kwa adabu. Alituambia mwenye shamba ana hati ya kutumia maji na sisi hatuna, ila tunaweza kuomba, na maombi yatashughulikiwa kwa zamu yake. Mume wangu aliuliza zamu hiyo ni lini. Kijana alisema hawezi kusema uongo, hajui.

Ndipo tukaamua kumwendea meneja wa shamba mwenyewe. Nilibeba ramani kwenye bomba lake. Sijui nilitegemea nini. Nadhani niliamini kwamba mtu akiona kwa macho yake kwamba kinu kilikuwepo pale kabla ya baba yake kuzaliwa, ataona haya. Alikuwa Mzungu aliyekulia Kenya, shingo imeungua na jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha vibarua, lakini hakutufokea. Alitupa viti. Nilipoitandaza ramani mezani alisimama, akaizunguka, akavua kofia.

"Hii ni kitu mzuri sana," alisema. "Mimi nanunua."

"Hatukuja kuuza," mume wangu alisema. "Tumekuja kwa ajili ya maji. Tazama hapa. Hiki ni kinu. Mimi nimekijenga upya palepale. Nakuomba unifungulie maji siku mbili tu kwa wiki. Watu wasage."

"Maji iko na karatasi. Mimi iko na karatasi ya serikali. Wewe iko na karatasi?"

Mume wangu akaweka kidole juu ya lile gurudumu dogo. Kidole chake kililifunika lote, pamoja na kilima.

"Hii ya Mjerumani," meneja alisema, na hakusema kwa dharau. "Mjerumani alikwisha enda."

Mimi nikazungumza kwa Kiingereza, nikidhani pengine lugha ndiyo kikwazo. Nilimweleza wanawake wanabeba mahindi umbali gani. Nilimweleza juu ya kiwanda cha mablanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema waridi likikosa maji siku mbili linakufa, na likifa yeye pia amekwisha, ana deni na watu wa Ulaya ambao hawajui Meru ni nini. Halafu akamgeukia mume wangu.

"Wewe natengeneza ile gurudumu peke yako?"

"Ndiyo."

"Mimi nataka fundi ya pampu. Fundi yangu ni mlevi. Wewe njoo Jumatatu."

Mume wangu alikunja ramani yeye mwenyewe, akaitia ndani ya bomba, akafunga kifuniko. Alimshukuru. Tulipofika nje aliniambia, "Afadhali angenitukana."

Hakwenda Jumatatu hiyo, wala iliyofuata. Alirudi Sombetini akakaa kwenye kiti kilekile. Safari hii alikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa ameangushwa na dunia, na sasa alikuwa ameinuka kwanza. Ndugu zake walikuwa wanamdai hela walizomkopesha za kununulia vyuma. Cherehani haikuwepo. Mtoto wetu mdogo alipata homa na nilimtibu kwa maji ya mwarobaini kwa sababu zahanati ilikuwa imeanza kulipisha. Nilimwambia, mara moja tu, kwamba kazi ni kazi.

"Nikaziendeshe pampu zilezile zinazoniua?" aliniuliza. Hakunyanyua sauti. Sikulirudia tena.

Siku moja nilitoka shuleni nikakuta kiti kitupu. Mezani palikuwa na saa yake ya mkononi, na juu ya saa, pete ya ndoa. Niliwauliza watoto. Walisema baba ametoka asubuhi na hakuaga. Nilitazama ile pete. Nikawaacha watoto kwa jirani, nikapanda basi la kwanza la kwenda Moshi, nikasimama njia nzima nikiwa nimeshika chuma, nikimwomba Mungu vitu nisivyoweza kuvitaja. Maji ya Chai niliteremka nikapanda kilima mbio, na viatu vya shule, nikapita nyumbani kwa mama mkwe bila hata kuamkia. Yeye aliponiona akaacha alichokuwa anafanya akanifuata.

Tulimkuta kwenye mfereji. Alikuwa amevua shati, yumo ndani hadi magotini kwenye tope lililokauka nusu, anachota kwa koleo na kutupa nje. Alikuwa ameusafisha kutoka kwenye kinu hadi karibu na banio, safi, kuta zimenyooka kama zimepigwa kwa kamba. Hakukuwa na tone la maji.

"Unafanya nini?" nilimwuliza.

"Nasafisha. Maji yakija yasikute uchafu."

"Mbona umevua pete?"

Akatazama mkono wake kama anaukagua. "Ingepotea kwenye matope," alisema.

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Mama mkwe ndiye aliyeteremka mferejini kwa matako, polepole, akiwa na kanga na umri wake, akamshika mwanawe mkono wenye koleo.

"Baba," alimwambia, "hayaji."

"Masika yatakuja."

"Masika yatakuja, watayafunga kule juu, watakuachia ya kunawa. Umenijengea kinu, nimesaga, nimeona unga wa mama yangu. Basi. Mimi nilizaa mtu, sikuzaa kinu. Hawa watoto watakula udongo?"

Alilia hapo, mume wangu, akiwa amesimama ndani ya mfereji mkavu, na mama yake amemshika kiunoni kwa sababu mabegani hakufika. Sijawahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Alikwenda shamba la maua wiki hiyohiyo. Walimpa ovaroli ya kijani na funguo za nyumba ya pampu. Tangu hapo tulikula kila siku, na watoto walimaliza shule, huo ndio ukweli na siwezi kuukana. Alikuwa fundi mzuri. Pampu zake hazikusimama, na mto chini ya bwawa ulibaki mawe. Wanawake walirudi kushusha mahindi barabarani. Wengine waliacha kumsalimu, si kwa chuki kubwa, walipitisha tu macho pembeni, naye hakuwalaumu. Vyuma vya kinu aliwaachia ndugu zake wauze wapunguze walichomkopesha. Walipokuja kuling'oa gurudumu hakwenda kutazama.

Aliniomba niziondoe ramani nyumbani. Hakukasirika, aliniomba tu kama mtu anavyoomba taa izimwe. Nikazirudisha shuleni. Stoo ilikuwa imeshakuwa duka, kwa hiyo nikaziegemeza nyuma ya kabati la ofisi ya walimu. Somo lile niliendelea kulifundisha mpaka nilipostaafu, maana limo kwenye mtaala: maji, reli, umeme. Lakini neno dirisha sikulitumia tena. Mwanafunzi mmoja msichana aliwahi kuniuliza watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vile vijisanduku walikwenda wapi vilipofutwa. Nilimwambia ramani haionyeshi hilo. Akaandika jibu langu kwenye daftari, na mimi nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki.

Miaka ilipita hivyo. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa uani kwa mama mkwe, sote, tunamenya ndizi. Alikuwa amezeeka sana na haoni vizuri. Kutoka juu kilimani ulisikika mvumo wa pampu, ule wa kila siku ambao sisi wengine hatuusikii tena. Mume wangu aliacha kumenya. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza.

"Beringi ya pampu ya pili inaisha," alisema.

"Leo Jumapili," mama yake alimwambia. "Kaa ule."

"Ikikata, waridi lote litakufa kufika keshokutwa."

Akanawa mikono, akavaa viatu, akapanda kilima akiufuata mto mkavu, katikati ya mawe, kwa sababu ndiyo njia ya mkato.